Elektroni ya ziada kwa maji kidogo: jinsi ya kuifuata kwa viazi, baluni na laptopu

Mwanafunzi mmoja hapa Kisumu aliniuliza swali rahisi sana, "Mwalimu, ukiongeza elektroni moja kwa maji inaenda kukaa kwa oksijeni ama kwa haidrojeni?" Nikaanza kujibu nikajipata nachora, nafuta, nachora tena, juu ukweli ni kwamba haikai kwa oksijeni na haikai kwa haidrojeni, inakaa katikati ya molekuli ama nje yao kabisa, imeshikiliwa na zote pamoja, na hio picha haichoreki vizuri na kalamu. Inataka kitu unashika na mkono. Kwa hivyo nimeandika hivi ninavyofundisha sahii, hatua kwa hatua, na ukifuata mpaka mwisho utakuwa unaeza kusoma matokeo ya maabara kubwa na kupiga hesabu zako mwenyewe.

Mahitaji kwanza. Viazi vidogo vidogo 6, vile vya kuchemsha na maganda, pale soko la Kibuye vinauzwa kwa mkebe. Minji mabichi 12. Vijiti vya meno pakiti moja. Baluni, nunua 3 juu moja lazima ipasuke. Simu yenye kikokotoo. Laptopu ukiwa nayo, lakini nusu ya kwanza haiihitaji.

Kiazi ni oksijeni. Choma vijiti viwili kwa kila kiazi, na pembe kati yao iwe imefunguka zaidi kidogo kuliko kona ya daftari (digrii 104.5 ndio kipimo chenyewe), alafu mwisho wa kila kijiti weka minji moja, hio ni haidrojeni. Umepata molekuli ya maji. Jambo la kukumbuka hapa ni moja tu, upande wa minji una chaji chanya kidogo na upande wa kiazi una chaji hasi kidogo, kwa hivyo elektroni ikija, yenyewe ikiwa hasi, inavutwa na upande wa minji na kusukumwa na upande wa kiazi. Hio tofauti ya pande mbili ndio inaitwa daipoli, na kwa molekuli moja ya maji ni 1.85 kwa kipimo cha Debye.

Baluni ndio elektroni. Ipulize kiasi, isijae sana. Najua vitabu vya shule vimetuzoesha kuchora elektroni kama nukta ndogo yenye alama ya kutoa, na kwa kazi nyingine hio nukta inatosha, lakini hapa itakupoteza njia siku ya kwanza. Elektroni ya ziada ni wingu, laini, lenye ukubwa wake, ukilibana linakataa, nishati inapanda, ukiliachilia linapanuka. Baluni inafanya hivyo hivyo mkononi mwako, ndio maana nimeichagua.

Sasa jaribu kushikilisha baluni na molekuli moja. Haikai. Na sio viazi vyako vibaya, hata kwa maumbile haikai, hakuna mtu amewahi kupata molekuli moja ya maji imebeba elektroni ya ziada ikatulia nayo. Mwaka wa 1947 wanafizikia Fermi na Teller walionyesha kwamba daipoli isiyosonga ikiwa chini ya 1.625 haiwezi kushika elektroni hata kidogo, na maji ni 1.85, sasa utasema si imepita? Imepita kwa karatasi, lakini molekuli halisi inazunguka na haijatulia, kwa hivyo kwa vitendo lazima ufike kama 2.5 ndio ushike kitu. Weka molekuli mbili pamoja, minji ya moja ikigusa kiazi cha ile ingine, daipoli inafika kama 2.6, na hapo ndio elektroni inaanza kushikika, ila kidogo sana, kama elektroni-volti 0.045 tu (hicho ni kipimo cha nishati, nitaandika eV kuanzia hapa). Ulinganishe na joto la kawaida la hewa hapa kwetu ambalo ni kama 0.026 eV. Ni kama kufunga ng'ombe na uzi wa kushona, akipiga chafya amekwenda. Ndio maana hizi klasta, yaani vikundi vidogo vya molekuli za maji, zinatengenezwa kwa baridi kali, ndani ya ombwe, gesi kama agoni yenye mvuke wa maji inapitishwa kwa tundu dogo sana ikitanuka ghafla inapoa, na elektroni zinamwagwa hapo hapo.

Ndio tuje kwa molekuli 6, na hapa nataka ukae, usikimbie.

Wajerumani walipoanza kuhesabu hizi klasta mapema miaka ya 1980 waliona kitu cha ajabu, zenye molekuli 2, 6, 7 na 11 zilijitokeza kwa wingi kuliko majirani zao. Kwa nini 6? Jibu likapatikana vizuri mwaka wa 2004, kundi la Mark Johnson pale Yale, Marekani, wakipima mitikisiko ya molekuli zenyewe kwa mwanga wa infraredi. Wakakuta kuna molekuli moja kwa klasta iko tofauti na wenzake wote. Tengeneza na viazi vyako uone. Panga molekuli 5 kwa kushikana, minji ya huyu kwa kiazi cha yule. Alafu chukua ya 6, kiazi chake kiguswe na minji mbili kutoka kwa majirani wawili, lakini minji yake mwenyewe isiguse mtu, zote mbili ziangalie nje. Sasa leta baluni pale mbele ya hizo minji mbili.

Umeona? Mwili wake umeshikwa nyuma na majirani, mikono yake yote miwili iko huru, na anapokea mgeni kwa mikono miwili. Sisi wa huku magharibi tumelelewa hivyo, kitu cha heshima hakipokelewi na mkono mmoja. Hio molekuli ndio mlango wa elektroni kuingia kwa familia ya maji, na wataalamu wanaiita AA, yaani imepokea mara mbili kutoka kwa majirani na haijatoa. Kwa sababu yake, molekuli 6 zinashika elektroni kwa nguvu karibu ya 0.5 eV, mara kumi zaidi ya molekuli 2. Ukifika 11 ni kama 0.75. Maji mengi kabisa, ya kumimina, ni kama 3.3 hadi 3.7 kulingana na nani amepima na vipi.

Hizo namba zinapimwaje? Hii hatua ni fupi. Unapiga klasta na leza ya nishati unayoijua, elektroni inang'oka, unapima imetoka na mwendo gani, unatoa. Tuseme leza ni ya kijani, nanomita 532, gawanya 1240 (namba ya kubadilisha nanomita za mwanga kuwa eV) kwa 532 unapata 2.33 eV. Elektroni ikitoka na 1.85 eV, basi ilikuwa imeshikwa na 2.33 toa 1.85, yaani 0.48. Hio ndio klasta ya 6. Na elektroni ya 1.85 eV inaenda kama kilomita 800 kwa sekunde, ingetoka Kisumu ikafika Nairobi ukiwa bado unafumba jicho. Kuchagua ukubwa wa klasta pia ni hesabu ya mbio tu, zote zinasukumwa na nguvu sawa ya umeme, nyepesi inafika mbele, nzito nyuma. Sukuma na volti 1000, klasta ya 6 yenye uzito wa 108 inamaliza mita moja kwa kama mikrosekunde 24, ya 7 yenye 126 inakuja kama mikrosekunde mbili baadaye, na hapo kati ndio unafungua na kufunga leza yako.

Sasa toa simu, tupime baluni.

Fanya elektroni ni wingu lililofungiwa ndani ya duara lenye ukuta mgumu. Si kweli kabisa, ukuta wa maji ni laini na wingu linapenya kidogo, lakini utashangaa vile hesabu hii inakaribia. Hali ya chini ya elektroni ni duara moja, kama baluni ilivyo, tunaiita hali ya s. Hali inayofuata juu yake ni hali ya p, hio chukua baluni uipinde katikati uzungushe mara moja, iwe na vichwa viwili na kiuno. Pengo la nishati kati ya s na p ukifanya hesabu ya duara gumu ni 39.3 ukigawanya na mraba wa nusu-kipenyo cha duara, nusu-kipenyo kikiwa kwa angstromu (mita igawanywe kwa bilioni kumi) na jibu kwa eV. Hio fomula iweke mahali, utaitumia sana.

Maji mengi yenye elektroni hizi yananyonya mwanga zaidi karibu na nanomita 720, walioionyesha ni Hart na Boag mwaka wa 1962, na 1240 kugawanya 720 ni 1.72 eV. Kwa hivyo 39.3 gawanya 1.72 ni 22.8, kipeuo chake cha pili ni 4.8 angstromu. Lakini wingu haliko sawa kila mahali ndani ya duara, limejaa katikati na kupungua kando, upana wake wa wastani ni nusu-kipenyo mara 0.53, unapata kama 2.5 angstromu. Na kipimo kinachokubalika kwa elektroni ndani ya maji ni kama 2.4 hadi 2.5! Mimi mara ya kwanza nilipofika hapo na kikokotoo cha simu nilisimama. Umbali kati ya oksijeni mbili za majirani kwa maji ni kama 2.8 angstromu, kwa hivyo hili wingu lina ukubwa wa rika la molekuli yenyewe, na ndio maana swali la mwanafunzi wangu halikuwa na jibu la "hapa" ama "pale".

Rudia hesabu na pengo la 1 eV, ambalo ni la aina inayoonekana kwa klasta ndogo. Kipeuo cha pili cha 39.3 ni 6.3, mara 0.53 ni 3.3. Elektroni imepanuka. Klasta ikiwa ndogo, elektroni ni pana na imeshikwa kilegevu, klasta ikikua, maji yanaikaba, inakuwa ndogo na pengo linapanda. Watu wengi wanaanza na picha ya kinyume, ati maji kidogo elektroni ndogo. Pulizia baluni yako zaidi ukiwa na viazi 6, punguza hewa ukiwa na viazi vingi, mkono utakumbuka.

Tumefika mahali ambapo nilikuwa nangoja, elektroni ikishapandishwa hadi p inashuka vipi?

Usifikirie kushuka kama mtu anashuka ngazi. Chukua baluni yako iliyopindwa, yenye vichwa viwili, uiweke katikati ya viazi vilivyokuwa vimezunguka baluni ya duara. Mara tu unapoiweka unaona vichwa viwili vinasukuma viazi vilivyo kwa ncha, na pale kwa kiuno kumebaki nafasi tupu. Maji hayavumilii nafasi tupu, molekuli za kando zinaingia kwa kiuno, na za kwenye ncha zinarudi nyuma na kugeuza minji zao zielekee wingu jipya. Sasa fikiria hio nafasi mpya ni nyumba ya nani. Imetengenezwa kwa umbo la p, kwa hivyo p inapata raha na nishati yake inashuka, lakini kama elektroni ingejaribu kurudi kuwa duara ndani ya nafasi iliyobanwa kiunoni, ingebanwa, kwa hivyo s inapanda. Moja inashuka, ingine inapanda, pengo linafungika. Na pengo likishakuwa dogo, elektroni inaruka kutoka p kwenda s bila kutoa mwanga wowote, nishati yote imeingia kwa mitikisiko ya maji. Hapo maji yako moto na baluni ni duara tena, molekuli zinaanza kujipanga upya kuizunguka na klasta kujipoza kwa kutoa molekuli. Kuvukiza molekuli moja ya maji kunahitaji kama 0.4 hadi 0.5 eV, kwa hivyo ukipandisha na 1 eV tegemea kupoteza kama molekuli 2, hio ni pole pole ukilinganisha na kule kuruka.

Lakini kule kuruka kwenyewe? Femtosekunde mia na kitu. Femtosekunde moja ni sekunde igawanywe kwa milioni, alafu kwa milioni tena, alafu kwa elfu. Hakuna saa ya kupima hivyo, kwa hivyo wanatumia umbali. Leza ya kwanza inapandisha elektroni, ya pili inakuja kuing'oa na kuona iko hali gani, na ya pili inacheleweshwa kwa kuirefushia njia. Mwanga unaenda mikrometa 0.3 kwa femtosekunde, kwa hivyo ukitaka kuchelewesha 100 unairefushia njia mikrometa 30, yaani unasogeza kioo 15 tu kwa sababu mwanga unaenda na kurudi. Unywele wako ni mnene kuliko hapo. Aliyefungua njia hii ya kupima kemia kwa femtosekunde ni Mwafrika mwenzetu, Ahmed Zewail wa Misri, aliyezaliwa Damanhur, akapata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1999 akiwa Caltech, na mwaka wa 2004 kundi lake likafuata elektroni kwa klasta za molekuli 15 hadi 35. Mimi huwaambia wanafunzi wangu jina hilo kabla ya mengine yote.

Wakati huo huo kundi la Daniel Neumark pale Berkeley lilikuwa linafanya kazi karibu sawa, na matokeo yao ndio nakupa uyasome na baluni mkononi. Klasta za aina ya kwanza, zile zinazoshika elektroni kwa nguvu zaidi, kuanzia molekuli 25 kwenda juu, elektroni inashuka kwa ile njia ya ndani peke yake, kutoka p kwenda s bila kutoka kwa klasta, na muda wa kushuka unapungua klasta inapokua. Ukichora muda dhidi ya 1 kugawanya idadi ya molekuli unapata mstari, ukiurefusha mstari hadi maji mengi kabisa unafika kama femtosekunde 50. Chini ya 25 hadi 13 kuna njia mbili zinashindana, kushuka ndani ama elektroni kutoroka kabisa. Kwa nini kutoroka? Linganisha namba mbili tu, nguvu iliyoishika na nishati uliyompa. Ukimpa zaidi ya ile iliyomshika, mlango uko wazi, ni swali la nani ni mwepesi, yeye ama maji.

Alafu wakabadilisha maji. Wakatumia maji mazito, ambayo haidrojeni yake ina uzito mara 2, kila kitu kingine kile kile. Muda wa kushuka ukawa karibu mara 2. Hapa simama tena. Chaji hazijabadilika, umbo halijabadilika, elektroni ni ile ile, kilichobadilika ni wepesi wa minji kutikisika. Kwa hivyo anayeamua elektroni itashuka lini sio elektroni, ni haidrojeni zinazogeuka mahali pake, ule mtikisiko wa molekuli kama mtu anayetikisa kichwa bila kusonga miguu. Hesabu ya haraka inasaidia, uzito mara 2 unapunguza mwendo wa haidrojeni kwa kipeuo cha pili cha 2, kama 1.4, na uwezekano wa kuruka unafuata mraba wa huo mwendo, 1.4 mara 1.4 unarudi kwa 2. Ni hesabu ya mezani na haibebi kila kitu, lakini inakuonyesha upande wa kuangalia.

Kuna ubishi mmoja lazima nikuambie usije ukasoma upande mmoja tu. Elektroni iko ndani ya klasta, imezungukwa, ama iko juu ya uso, imeshikiliwa kwa nje? Fikiria manamba wa matatu ya Busia, anaweza kuwa amekaa ndani, ama ananing'inia mlangoni, na yote mawili amesafiri. Mwaka wa 2005 kundi la Neumark lilionyesha aina ya pili ya klasta kubwa, zilizotengenezwa kwa baridi zaidi, zinazoshika elektroni kwa nguvu ndogo, wakasema hizo ni za nje na zile za kwanza ni za ndani. Turi, Sheu na Rossky wakaja na hesabu za kompyuta wakasema hata zile za kwanza kwa ukubwa huo zinaeza kuwa za nje, kwa sababu muelekeo wa namba zake unafanana. Mimi nimekaa na hili muda mrefu na ushauri wangu ni usiweke neno "ndani" kwa daftari lako kwa klasta za molekuli 20 ama 30, andika "aina ya kwanza" na "aina ya pili", hayo ni majina ya kilichopimwa. Kwa klasta ya 6 hakuna ubishi, iko nje, mbele ya ile mikono miwili.

Sasa laptopu, kwa walio nayo. Weka programu ya Psi4, ni ya bure, inafanya kazi vizuri kwa Linux. Anza na molekuli 2, usianze na 6, nimeona watu wakianza na 6 wakakata tamaa kabla ya jibu la kwanza. Unaiambia chaji ni toa 1 na spini (ile programu inaiita multiplicity) ni 2, kwa sababu kuna elektroni moja bila mwenza. Inakupa nishati. Alafu bila kusogeza atomu hata moja, unaiambia chaji ni 0 na spini ni 1, inakupa nishati ingine. Toa ya kwanza kutoka kwa ya pili, zidisha na 27.211, hio ndio nguvu ya kushika kwa eV, ile ile ambayo leza inapima.

Na hapa ndio kosa ambalo limeharibu kazi nyingi kuliko lolote. Kompyuta inachora wingu la elektroni kwa kujumlisha fomula ndogo ndogo, na seti za kawaida za fomula zimetengenezwa kwa elektroni zilizobanana na atomu. Elektroni yetu ni pana, iko mbali na atomu zote. Ukimpa seti nyembamba hana mahali pa kukaa, anasukumwa kwa molekuli kwa lazima, na jibu linatoka hasi, yaani hashikiki, ama linatoka namba ya uongo yenye sura nzuri. Hata seti ya aug-cc-pVDZ ambayo watu wanaiona pana haitoshi kwa molekuli 2. Fanya hivi, chukua namba ya upana (eksponenti, ikipungua fomula inapanuka) ya fomula ya mwisho ya s na ya p, igawe kwa 3, ongeza fomula hio, igawe tena kwa 3, ongeza tena, mpaka ushuke karibu na 0.001, na uziweke mahali pamoja tu, upande ambao minji huru zinaelekea. Kila ukiongeza moja andika jibu. Likiendelea kubadilika, bado elektroni inatafuta nafasi. Likitulia, umempa chumba cha kutosha.

Njia ya hesabu pia ina maana. Njia iitwayo Hartree-Fock peke yake inashika kidogo mno, juu haioni vile elektroni zote zinayumba pamoja na kuvutana. B3LYP ambayo kila mtu anaipenda inashika kupita kiasi, kwa sababu elektroni inahesabiwa ikiathiriana na yenyewe na kosa hilo halifutiki lote. Kwa molekuli 2 tumia CCSD(T), laptopu ya kawaida inabeba. Kwa 6 tumia MP2, ujue iko chini kidogo ya ukweli. Na ukimaliza kila mara chora wingu la ile elektroni moja. Likiwa limekaa nje, laini, mbele ya minji huru, umefanya vizuri. Likiwa limejikunja kwa viungo vya oksijeni na haidrojeni, rudi kwa seti yako, namba yoyote uliyopata usiipeleke kwa mtu.

Andika majibu kwa daftari kila hatua inapoisha, na uiambie programu iweke faili yake kwa diski kila mara. Mimi stima ilipotea saa tatu usiku nikiwa na molekuli 6, imebaki hatua ya mwisho ya kulainisha umbo, betri ya laptopu ilikuwa imezeeka, na kazi ya siku mbili ilienda yote. Tangu siku hio sianzi hesabu ndefu bila faili ya kurudia, na nakuomba na wewe usianze.

Ukishapata namba yako ya molekuli 6, fanya jaribio moja la mwisho ndio picha yote ikae. Badilisha haidrojeni zote ziwe nzito, uzito mara 2, usiguse kitu kingine, rudia hesabu. Nguvu ya kushika itabaki ile ile mpaka tarakimu ya mwisho, kwa sababu hesabu hii imeshikilia atomu zimesimama na kwa zilizosimama uzito hauna sauti. Alafu iambie programu ipige hesabu ya mitikisiko, utaona mitikisiko ya minji zote mbili za ile molekuli ya mikono miwili imeshuka kwa karibu kipeuo cha pili cha 2, ile 1.4. Weka hizo karatasi mbili kando kwa kando mezani, pamoja na baluni.